Nimekabidhiwa Idara ya Wadudu: Nianze Wapi Kupanga Mwaka Ujao?

"Profesa, nakusalimu kwa heshima. Nimeteuliwa kuwa mkuu wa idara ya elimu ya wadudu katika chuo kikuu, na nina miezi mitatu kabla ya kuwasilisha mpango wa mwaka ujao. Tuna wahadhiri sita, mtaalamu mmoja wa uainishaji aliyestaafu lakini bado anakuja kazini kwa hiari, na fundi sanifu mmoja wa maabara atakayestaafu katikati ya mwaka. Tunafuga mbu wa Anopheles gambiae na Aedes aegypti, nzige, na nzi wadogo wa Drosophila. Tuna pia mkusanyiko wa vielelezo vilivyokaushwa, zaidi ya elfu arobaini, katika makabati ya zamani. Bajeti imepunguzwa kwa theluthi moja, wanafunzi wanaochagua shahada yetu wanapungua, na kitivo kinataka tuunganishwe na idara ya biolojia na chumba cha vielelezo kigeuzwe maabara ya vinasaba. Nimeandaa rasimu inayogawa fedha sawasawa kwa kila mhadhiri, inayoahirisha kuajiri fundi mpya hadi mwaka unaofuata, na inayosimamisha ufugaji wa wadudu wakati wa likizo ili kuokoa umeme. Wenzangu wanasema rasimu ni ya haki. Mimi sina amani nayo, ila siwezi kusema kasoro iko wapi. Je, nianze wapi?"

Mwenzangu, wasiwasi wako una msingi, na wenzako nao hawajakosea wanaposema kwamba rasimu ni ya haki. Ni ya haki kwa wahadhiri sita. Kasoro yake ni kwamba imeanza kwa kugawa fedha kwa watu kabla ya kuhesabu kazi ambazo haziwezi kusimama hata siku ambayo fedha zimesimama. Idara ya historia ikikosa fedha kwa miezi miwili, vitabu vyake vinabaki rafuni na mihadhara inaahirishwa. Idara ya wadudu ikikosa mtu wa kuingia katika chumba cha kufugia kwa siku chache tu, kizazi kizima cha mbu kinaweza kufa, na kabati lisilokaguliwa kwa muda mrefu linaweza kufunguliwa likakutwa na pini na lebo peke yake. Ushauri wangu wote unatoka hapo: anza na viumbe na vielelezo visivyoweza kusubiri, fuatisha majira ya kazi za nje, kisha mihula ya masomo, na mgao wa wahadhiri uje mwisho, utoke katika kile kilichobaki.

Nianze na wazo la kusimamisha ufugaji wakati wa likizo, kwa kuwa hapo ndipo rasimu itakapokugharimu mapema zaidi. Wengi hudhani kwamba koloni la wadudu linaweza kuzimwa na kuwashwa kama taa. Ukweli ni kwamba jambo hili hutegemea maumbile ya kila spishi, na spishi zako nne hazifanani. Mayai ya Aedes aegypti huvumilia ukavu: yakitagwa juu ya karatasi yenye unyevu, yakaachwa siku chache ili viinitete vikomae, kisha yakakaushwa taratibu, huweza kuhifadhiwa kwa miezi na bado yakaanguliwa yakizamishwa majini. Mayai ya Anopheles gambiae hayana uwezo huo. Huanguliwa siku mbili au tatu baada ya kutagwa, na yakikauka hufa. Kwa hiyo koloni la Anopheles halina hatua ya kupumzikia. Wakati wowote utakaoingia chumbani utakuta viluwiluwi wanaosubiri chakula, au pupa wanaosubiri kuhamishiwa kizimbani, au majike wanaosubiri damu, wote wakihitaji joto la nyuzi za Selsiasi 27 hivi na unyevu hewani wa asilimia 70 hadi 80. Drosophila wako katikati: katika nyuzi 25 kizazi kimoja huchukua siku kumi hivi, lakini ukiwashusha hadi nyuzi 18 muda huo huwa karibu maradufu, na chupa zao hubadilishwa mara chache zaidi bila kupoteza nasaba. Nzige wanataka majani mabichi na usafi kila siku. Kama mngekuwa mnafuga mbung'o ningekuonya kwa ukali zaidi, kwa sababu jike wa mbung'o huzaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi, na koloni lao likidhoofika huchukua muda mrefu mno kurudia hali yake.

Umeme utakaouokoa likizoni, basi, ni kidogo ukilinganishwa na gharama ya kuanza upya. Itabidi kuomba mayai kutoka maabara nyingine, kusubiri vibali vya kuyasafirisha, kisha kulea vizazi kadhaa kabla ya kupata idadi ya kufanyia kazi. Tena koloni linaloanzishwa upya kwa majike wachache linabeba sehemu ndogo tu ya vinasaba vya koloni la awali, wadudu wanazaliana ndugu kwa ndugu, na baada ya muda unakuta mayai mengi hayaanguliwi bila sababu inayoonekana kwa macho. Hapo hasara haimo tena katika bajeti ya umeme, imehamia katika tasnifu ya mwanafunzi wa uzamivu ambaye data yake ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili zimetoka kwa mbu wasiofanana.

Hebu tuchukue kazi moja ya kawaida tuihesabu kwa kurudi nyuma, maana hesabu ya namna hii ndiyo uti wa mgongo wa kalenda ya idara. Tuseme mmeahidi kupima usugu wa mbu dhidi ya kiuadudu kimoja kwa njia ya mirija ya Shirika la Afya Duniani. Kipimo hiki kinataka majike wenye umri wa siku tatu hadi tano ambao hawajanywa damu: makundi manne ya mbu 20 hadi 25 yatakayowekwa kwenye dawa kwa saa moja, na makundi mawili ya ulinganisho yasiyoguswa na dawa, na vifo vinahesabiwa baada ya saa 24. Hao ni majike hadi 150 wa rika moja, asubuhi moja. Kwa kuwa karibu nusu ya mbu wanaotoka kwenye pupa ni madume, unahitaji mbu 300, na kwa kuwa viluwiluwi wengine hufa njiani, ni busara kuanza na 500 au zaidi. Sasa rudi nyuma. Siku nne kabla ya kipimo mbu wawe wameshatoka kwenye pupa. Siku moja au mbili kabla ya hapo walikuwa pupa. Kabla ya hapo walikuwa viluwiluwi kwa siku saba hadi kumi. Mayai yalichukua siku mbili au tatu kuanguliwa. Na mama zao walihitaji siku mbili au tatu tangu wanywe damu hadi watage. Ukijumlisha utaona kwamba damu inayotolewa leo inakupa kipimo takriban wiki tatu baadaye. Mhadhiri anayekuja Jumatatu kuomba mbu wa Alhamisi si mzembe. Hajawahi kuonyeshwa kalenda ya chumba cha kufugia, na kumwonyesha ni kazi yako.

Kipimo hicho chenyewe hakisimami bila koloni la rejea, yaani mbu wanaojulikana kuwa hawana usugu. Maabara nyingi hutumia nasaba ya Kisumu ya Anopheles gambiae kwa kazi hii. Mbu waliokamatwa porini wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Wakifa asilimia 98 na zaidi, dawa bado inawaua. Kati ya hapo kipimo hurudiwa. Lakini mbu wa rejea nao wakianza kupona, huwezi tena kujua kama karatasi za dawa zimeisha nguvu au koloni limechafuliwa na mbu mgeni aliyeponyoka kutoka kizimba cha jirani. Ndiyo sababu nasaba za rejea na mbu wa porini hazistahili kukaa chumba kimoja, wala kuhudumiwa kwa vifaa vile vile. Chumba cha pili, hata kidogo, kikiwa na milango miwili inayofuatana, kina thamani kuliko ununuzi wa vifaa vingi vinavyopendeza kwenye maombi ya fedha.

Sasa nifike kwenye uamuzi ninaouona kuwa hatari kuliko yote katika rasimu yako, yaani kuahirisha kuajiri fundi sanifu. Kaa na fundi wako kwa wiki mbili, mwandike pamoja dakika anazotumia kwa kila koloni, zikiwemo za Jumamosi na Jumapili ambazo huenda hazijawahi kuandikwa popote. Ukikuta koloni moja linachukua saa moja na nusu kwa siku, hizo ni zaidi ya saa kumi kwa wiki, na makoloni manne ya namna hiyo yanamaliza wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja kabla hajaosha trei za darasa la vitendo, kujaza ethanoli kwenye chupa za vielelezo vya majimaji, au kukagua friza. Mkataba wake ni wa siku tano. Viluwiluwi hula siku saba. Tofauti hiyo ya siku mbili amekuwa akiifidia kwa moyo wake, na siku atakapoondoka itaonekana mara moja.

Kuna pia ujuzi usioandikika kirahisi. Utando mwembamba unaotanda juu ya maji ya trei asubuhi ni dalili kwamba chakula cha jana kilizidi, na fundi mzoefu hupunguza kipimo cha siku hiyo na kubadilisha sehemu ya maji kabla viluwiluwi hawajaanza kufa kwa kukosa hewa. Huyajui hayo kwa kusoma mwongozo, unayajua kwa kusimama kando ya mtu anayeyafanya. Kwa hiyo fundi mpya aanze kazi angalau miezi mitatu kabla ya yule wa zamani kuondoka, wafanye kazi bega kwa bega, na taratibu za kila koloni ziandikwe na mgeni huku mwenyeji akisahihisha; mgeni ndiye anayeona hatua ambazo mwenyeji huzifanya bila kufikiri. Chuo kikikataa nafasi ya kudumu, omba mkataba wa muda. Kikikataa na huo, omba fundi wako aongezewe muda kwa siku chache za wiki. Vyote vikishindikana, usiyaendeshe makoloni manne. Punguza idadi yake kabla ya tarehe ya kustaafu, wala usingoje yajipunguze yenyewe kwa kufa.

Tukizungumzia kupunguza, haya ndiyo maoni yangu. Koloni la Aedes linaweza kushushwa hadi kuwa akiba ya mayai makavu, yanayoanguliwa wiki chache kabla ya masomo ya vitendo na kuhuishwa kila baada ya miezi michache, kwa sababu mayai hupoteza uhai kidogo kidogo yakikaa sana. Drosophila wabaki katika joto la chini, na nasaba ambazo hakuna anayezitumia ziachwe. Nyingi zinaweza kuombwa upya kutoka vituo vya kuhifadhi nasaba kama kile cha Bloomington, Marekani. Nzige ndio ningewaacha wa kwanza ikiwa wanatumika kwa kufundishia tu, kwa sababu wanakula saa nyingi za kazi na, kama nitakavyoeleza chini, wana madhara kwa afya ya wahudumu. Anopheles ni suala la kuamua ndiyo au hapana. Ama mnawalea sawasawa, mkiwa na nakala ya koloni katika taasisi nyingine mnayoaminiana nayo, ama mnaacha kabisa na kununua huduma ya kipimo kwingine. Koloni la rejea linalotunzwa nusunusu ni baya kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa linatoa matokeo yanayoonekana kuwa ya kweli. Koloni lolote mnalolifunga, lifungeni kwa heshima: gandisheni vielelezo kadhaa vya majike na madume, viwekeni katika mkusanyiko, na andikeni asili ya koloni, tarehe lilipoanzishwa, na tafiti zilizolitumia.

Nije kwenye chumba cha vielelezo. Dhana iliyopo nyuma ya pendekezo la kitivo ni kwamba wadudu waliokauka ni mali tulivu, inayoweza kusogezwa stoo na kusubiri. Haiwezi kusubiri. Vuta droo moja leo, ipeleke kwenye mwanga, utazame chini ya miili ya wadudu. Ukiona ungaunga laini wa kahawia umejikusanya kuzunguka shina la pini, au magamba matupu yenye vinyweleo yaliyoachwa na mabuu yanapojivua, droo hiyo ina mbawakavu wa jenasi ya Anthrenus au jamaa zake. Wakubwa wao hula chavua mauani. Ni mabuu yanayokula vielelezo, yakianzia ndani, kiasi kwamba kipepeo huonekana mzima hadi unapoigusa droo na mwili ukaanguka ukawa vumbi. Nafthalini ambayo nadhani unaisikia unapofungua makabati haiwatokomezi kwa uhakika, na ina madhara kwa anayeivuta kila siku. Njia inayoaminika ni kugandisha: funga droo ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, iweke katika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, au nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu, kisha iache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua plastiki, ili unyevu ujikusanye nje ya plastiki badala ya kutua juu ya mbawa. Kila kitu kinachoingia chumbani kutoka nje, hata sanduku la vielelezo alilorudishiwa mhadhiri, kipite kwenye friza kwanza. Unyevu wa chumba ushushwe chini ya asilimia 50. Halafu gawa idadi ya droo zote kwa wiki za mwaka, ujue ni droo ngapi zikaguliwe kila wiki ili kila moja ionekane angalau mara mbili kwa mwaka, na uandike jina la mhusika kwenye mpango.

Muulize pia mtaalamu wenu mstaafu kama kuna holotaipu katika makabati hayo, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi tangu ilipoelezwa mara ya kwanza. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina zinasema kwamba vielelezo hivyo vinashikiliwa kwa dhamana kwa ajili ya sayansi. Kwa maneno mengine, idara yako si mmiliki wa kufanya atakavyo, ni mdhamini, na dhamana hiyo inafaa kutajwa kwa maandishi katika barua yoyote kwa mkuu wa kitivo. Moto uliounguza Museu Nacional, yaani makumbusho ya taifa ya Brazili jijini Rio de Janeiro, tarehe 2 Septemba 2018 ulichukua sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa wadudu, uliokuwa na vielelezo takriban milioni tano, na hakuna bajeti inayoweza kuvirudisha.

Mstaafu huyo asiachwe aendelee kuja kwa hisani yake tu. Mpe meza, barua rasmi na posho hata ndogo, na mkabidhi mhadhiri kijana wa kukaa naye. Waanze na lebo ambazo ni yeye peke yake anayeweza kusoma mwandiko wake na kujua eneo lililotajwa, wakiingiza taarifa hizo katika mfumo wa Darwin Core, unaowezesha kumbukumbu zenu kusomeka pamoja na za makusanyo mengine duniani kupitia GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya taarifa za viumbe hai. Wasifuate alfabeti. Wafuate kile kitakachopotea kwanza.

Je, nasema msijenge maabara ya vinasaba? Hapana, mnaihitaji, na kikundi cha Anopheles gambiae ndicho ushahidi: spishi zake haziwezi kutofautishwa kwa macho hata chini ya darubini, na Anopheles coluzzii ilipewa jina lake mwaka 2013 tu, kwa misingi ya vinasaba. Lakini kipimo cha vinasaba kinachotenganisha spishi hizo kimebuniwa kwa ajili ya kikundi hicho peke yake. Mtu akikosea kwenye darubini akatumbukiza mbu wa kikundi kingine, hapati jibu, au anapata jibu la kupotosha. Vivyo hivyo msimbopau wa DNA, uliopendekezwa mwaka 2003 ukitumia kipande cha jeni ya COI chenye jozi 658 za besi, yaani herufi za DNA, unatambua mdudu kwa kumlinganisha na mfuatano uliotoka kwenye kielelezo ambacho mtu mwenye ujuzi alikwisha kukitaja kwa jina. Ukiharibu vielelezo, umeharibu kamusi ambayo maabara mpya itakuwa ikisoma. Kwa hiyo kieleze kitivo kwamba vitu hivi viwili vinategemeana, kisha jadilianeni kuhusu nafasi kwa ukweli. Meza za vinasaba huhitaji eneo dogo kuliko watu wanavyodhani, na zinaweza kushirikiwa na idara ya biolojia. Mkusanyiko unaweza kuhamishwa ikiwa chumba kipya ni kikavu zaidi na sakafu yake inabeba uzito wa makabati, ingawa kila uhamisho huvunja miguu na vipapasio vya wadudu. Na ikiwa kweli hamwezi kuutunza, kuukabidhi kwa makumbusho yenye uwezo, kwa mkataba unaowaruhusu kuutumia, ni uamuzi wa heshima. Kuupeleka stoo si chaguo.

Baada ya vitu visivyosubiri, chora kalenda ya majira. Wadudu wa nje hawafuati mihula, na mara nyingi wiki zenye wadudu wengi ndizo wiki za mitihani. Usitoe suluhisho kwa maneno ya jumla. Tafuta wiki mahususi za mwaka jana ambazo mitego ilijaa, kisha omba kozi ya nyanjani isogezwe hapo kabla ratiba ya chuo haijafungwa. Vibali vya kukusanya, na makubaliano chini ya Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014 kusimamia matumizi ya rasilimali za kijenetiki na mgawanyo wa manufaa yake, huchukua miezi. Anayetaka kukusanya msimu ujao aanze maombi sasa. Vivyo hivyo na manunuzi: pini, vizimba, ethanoli ya asilimia 95 kwa vielelezo vya vinasaba na ile ya asilimia 70 hadi 80 kwa vingine, viagizwe mapema, kwa kuwa mtego bila chupa ya kutilia ni msimu uliopotea.

Ningependa pia uweke katika mpango jambo moja dogo litakalodumu kuliko uongozi wako: mtego mmoja au miwili, mahali pale pale, wiki zile zile, kila mwaka, na chupa zihifadhiwe hata kama hakuna wa kuzichambua kwa sasa. Mwaka 2017 ilichapishwa tathmini ya uzito wa wadudu warukao walionaswa kwa mitego ya Malaise, yaani vihema vya wavu, katika maeneo yaliyohifadhiwa ya Ujerumani, ikaonyesha upungufu wa zaidi ya asilimia 75 katika miaka 27. Data hiyo ilitokana na kazi ya chama cha wapenda wadudu wa mji wa Krefeld, ambao walirudia jambo lile lile kwa namna ile ile mwaka baada ya mwaka. Gharama yake kwenu ni ndogo, lakini nayo ni kazi isiyokubali kukatizwa, kwa hiyo iwe na jina la mhusika na la mbadala wake.

Kuhusu wanafunzi, usihesabu wale wa shahada yenu pekee. Hesabu na wa kilimo, tiba, afya ya jamii na misitu wanaosoma kozi zenu; mara nyingi hiyo ndiyo idadi kubwa, na ndiyo itakayosikilizwa kwenye vikao.

Sasa ndipo ugawe fedha. Toa kwanza gharama za makoloni mliyoamua kubaki nayo, za mkusanyiko, za mafundi wawili katika miezi ya makabidhiano, na akiba ya kukarabati friza na mashine ya unyevu. Kinachobaki kigawe, na huenda kikawa kidogo kiasi cha kuwaudhi wahadhiri. Waonyeshe hesabu yenyewe, mstari kwa mstari, katika kikao kimoja cha wote. Wahadhiri ambao miradi yao inatumia mbu au vielelezo waweke mchango wa utunzaji katika kila ombi jipya la ufadhili. Hilo ni haki kuliko mgao sawa, kwa sababu anayetumia saa saba za fundi kwa wiki na asiyetumia hata moja hawalingani. Mkifikiria kutoa huduma za kulipiwa za utambuzi na vipimo, kuweni waangalifu: zinaleta fedha kweli, lakini zinakula saa zile zile za fundi, na kuahidi kipimo ambacho hamna mbu wa kukifanyia kunavunja sifa haraka.

Suala la kuunganishwa na biolojia limekuogopesha kuliko yote, naona, na hapa nitakuwa mkweli. Kuunganishwa si lazima kuwe mwisho wenu. Kuna vyuo ambako elimu ya wadudu inastawi ikiwa sehemu ya idara kubwa zaidi, na idara inayojitegemea lakini haina fundi wala mtunza vielelezo imebaki jina mlangoni. Kinachonitia hofu ni kuunganishwa bila masharti, kwa kuwa mkuu wa idara mpya, bila nia mbaya, ataona friza inayolia usiku na mshahara wa fundi kama gharama za kupunguza. Pigania basi mambo matatu yaandikwe kabla ya sahihi: nafasi ya fundi wa wadudu isiyoweza kuhamishiwa kwingine, mtunza mkusanyiko mwenye mamlaka yanayojulikana, na kifungu cha bajeti cha makoloni kinachojitegemea. Ukiyapata, mnaweza kuunganishwa mkiwa salama. Usipoyapata, una sababu ya kukataa inayoeleweka na mtu asiyejua wadudu.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, na mtu aje ayaone kwa macho. Mwite afisa wa usalama wa moto akague mnapohifadhi ethanoli kabla ya kuhamisha hata chupa moja, kwa kuwa mvuke wake hushika moto katika joto la kawaida la chumba na kiasi kinachoruhusiwa chumba kimoja hutofautiana kwa sheria za mahali. Ukikuta dalili za Anthrenus katika makabati zaidi ya moja, usianze kusogeza droo huku na huku, kwani utawasambaza. Omba mhifadhi wa makumbusho aje apange mpangilio wa kugandisha. Masharti ya kustaafu ya fundi na ya uhamisho wa watumishi yapitiwe na mwanasheria wa chuo na chama cha wafanyakazi, si nawe peke yako. Na usipuuze kikohozi. Vumbi la nzige, manyoya ya mabuu ya mbawakavu na magamba ya nondo husababisha mzio ambao kwa baadhi ya wahudumu hugeuka pumu ya kazini, na dalili zake hupungua mwishoni mwa wiki kisha zikarudi Jumatatu, hivyo mtu huzoea na kunyamaza. Fundi wako akiwa na mafua yasiyoisha, macho yanayowasha au kifua kinachobana akiwa chumbani, aonwe na daktari wa afya kazini sasa, asingoje kustaafu. Na yule mpya apimwe mapafu kabla ya siku yake ya kwanza, ili kuwe na kipimo cha kulinganishia baadaye.